Muulize Maalim: Kitabu hakimaliziki, na shuka linadanganya

Mwezi uliopita niligusia kidogo tu, mistari mitatu minne, kuhusu vile vitabu vinavyoelezea fizikia ya kisasa kwa watu wasiokuwa wanafizikia, nikadhani napita njia tu, kumbe nimechokoza mzinga. Meseji zimemiminika mpaka mhariri kanambia Maalim safari hii maswali ya mitihani yaweke kando, jibu haya. Haya bas, nimechagua saba. Majina nimeyaficha, nimeacha herufi na mahali, na wale walioandika kwa hasira nimewapunguzia chumvi kidogo.

Kitabu kimenishinda

*Asalaam aleikum Maalim. Mie nimemaliza form six mwaka jana, PCM. Kaka yangu yupo Muscat kaniletea kitabu cha Stephen Hawking, A Brief History of Time. Nshakianza mara tatu na kila nikifika sura ya nane naona giza. Wenzangu barazani wanasema mbona chepesi kile. Ni mie mjinga au? S.H., Wete*

Waaleikum salaam mwanangu. Kwanza hao wa barazani waulize swali moja tu: kwenye hiyo sura ya nane, anaposema wakati unaweza kuandikwa kwa zile namba ambazo ukizizidisha zenyewe kwa zenyewe zinatoa hasi, wao wameelewa nini? Utaona mtu anageuka kumwita muuza kahawa.

Kitabu kile kilitoka 1988, kimeuzwa nakala zaidi ya milioni 10, na kina sifa mbili duniani, kununuliwa na kutomalizwa. Hawking mwenyewe anaeleza mwanzoni kwamba aliambiwa kila mlinganyo atakaouweka utapunguza wanunuzi nusu, kwaio akaweka mmoja tu, E = mc². Hapo ndo pana kitu nataka ukishike mana ntakirudia mpaka mtanichoka: ukiondoa hesabu kwenye fizikia ugumu hauondoki, unahamia kwenye mfano. Mwandishi anakupa picha badala ya mlinganyo, picha inakwenda vizuri mpaka pahala fulani halafu inakatika, na wengi wao hawakwambii inakatikia wapi. Unaanguka hapo, unadhani mguu wako mbovu.

Mie nakala yangu niliinunua Dar, mtumba, imetandikwa chini kwenye gunia pamoja na vitabu vya upishi. Mwenyewe wa mwanzo alikuwa msomaji haswa, kurasa za mbele kajaza alama za kalamu nyekundu, maswali pembeni, mishale. Alama ya mwisho ipo sura ya tano, kapiga mstari chini ya neno *quark*, zile chembe ndogo zilizomo ndani ya kiini cha atomi, halafu kimya, kuanzia hapo mpaka mwisho karatasi ni nyeupe pe, hata mkunjo hamna. Sijui alikuwa nani, lakini nampenda, kila nikimsomesha mtu namkumbuka.

Fanya hivi. Hichi kiweke juu ya kabati kwa miezi miwili. Tafuta cha Carlo Rovelli, yule Mtaliano, masomo saba mafupi ya fizikia, asili yake yalikuwa makala za gazeti huko kwao, kitabu chenyewe hakifiki hata kurasa 100, jioni mbili umekimaliza. Halafu rudi kwa Hawking usome sura tatu za mwanzo na ya sita, ya mashimo meusi, ya nane iruke wala usione haya. Halafu kama bado una hamu nenda kwa Richard Feynman, kile cha 1985 kinaitwa QED. Huyu bwana ndo ninayempenda mie kuliko wote, mana hakufichi. Anakwambia nuru ni chembe, na katika kila chembe 100 zinazopiga uso wa kioo wastani wa 4 zinarudi nyuma. Umekaa ndani ya daladala usiku unaona sura yako kwenye dirisha na huku unaona taa za Michenzani nje, ndo hizo nne nne zinazokurudishia uso wako. Kisha anakwambia kioo kina nyuso mbili, mbele na nyuma, na ukiongeza unene wake kidogo kidogo idadi ya zinazorudi inapanda mpaka 16 inashuka mpaka 0 inapanda tena. Sasa ile chembe moja inayogonga uso wa mbele imejuaje kioo kina unene gani nyuma? Feynman hakupi hadithi ya kukutuliza. Anakuchorea vishale, anakufundisha kuvijumlisha, na anakwambia wazi kwamba hakuna mtu anaejua kwa nini maumbile yanakwenda hivi, hesabu inatoa jibu sahihi bas. Mtu aliyepata Nobel 1965 kwa kazi hio hio anakwambia hivo, wewe wa Wete uone aibu ya nini.

Hilo shuka kalishika nani?

*Maalim, mie ni mkulima wa mwani, skuli nimeishia darasa la saba. Mwanangu yupo fomu tatu, anasoma kitabu cha mambo ya anga. Kanambia ati dunia haivuti vitu, ila angani kuna kama shuka, jua limelibonyeza, na dunia inateremkia kwenye kibonyeo. Nikamuuliza, na hilo shuka kalishika nani, na huko chini kinachovuta ni nini mpaka vitu viteremke? Akanicheka. Mwambie mtoto huyu. Bi K., Jambiani*

Bi K., mtoto akuombe radhi, tena kwa mkono. Swali lako ni lile lile wanaloliuliza maprofesa.

Shuka hilo lipo kila kitabu. Mwaka mmoja nikiwa nasomesha skuli isiyokuwa na maabara, tulikuwa na ammita moja tu na hio moja mshale wake umeganda, nikachukua shuka la kitanda nyumbani, nikawapa watoto wanne wakalishika pembe wakalivuta likakaza. Katikati nikaweka dafu. Shuka likabonyea. Nikasukuma ndimu ukingoni, ikaenda, ikapinda, ikalifikia dafu tuk. Darasa likashangilia, na mie nikajiona Einstein. Akatoka msichana mmoja nyuma, mpole, hazungumzi kamwe, akasema Maalim, ndimu inateremka kwa sababu ardhi inaivuta, sasa si umeeleza mvutano kwa mvutano? Nilitafuta jibu sikulipata, nikawaambia kengele imelia na ilikuwa bado dakika kumi.

Kwaio Bi K., wewe na yule msichana mmeona pale pale shuka linapochanika. Shuka linaonesha nafasi tu imepinda. Einstein, nadharia yake ya uhusianifu aliyoikamilisha 1915, anasema kinachopinda ni nafasi na wakati kwa pamoja, na kwa vitu vya kawaida, nazi inayoanguka, mtoto anaeruka, mpira wa mabarobaro wa hapo Jambiani, kinachofanya kazi karibu yote ni *wakati*, ambao kwenye shuka haupo kabisa. Saa iliyo chini inakwenda polepole kuliko saa iliyo juu. Sio saa mbovu, wakati wenyewe. Mwaka 2010 Wamarekani waliweka saa mbili za atomi kwenye maabara, moja wakainyanyua sentimita 33 tu, kama kimo cha ndoo, wakaona kweli ya juu inakimbia. Kwa mtu aliyeishi miaka 79 tofauti ya kimo hicho haifiki hata sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde, lakini ipo, imepimwa.

Na vipi wakati ukienda polepole chini unafanya nazi ianguke? Kwako wewe ntakupa mfano wa ngalawa. Ngalawa inakwenda sawa, mara ubao wa upande mmoja unanasa kwenye mwani, upande ule unachelewa, upande wa pili unaendelea, chombo kinafanya nini? Kinageukia upande uliochelewa, hakuna aliyekivuta. Nazi nayo inasafiri kwenye wakati, upande wa chini unachelewa kidogo kuliko wa juu, njia yake inageukia chini. Na huu nao ni mfano wangu mie, una mwisho wake, usije ukaniuliza maji ni nini na upepo ni nini.

Watu waliamini lini? Tarehe 29 Mei 1919 jua lilipatwa, Waingereza wakapeleka kundi moja Brazil na jengine kisiwa cha Príncipe, upande wa magharibi wa Afrika, kisiwa kidogo kuliko Pemba, kimejaa mikakao. Arthur Eddington, mwanafalaki wao, alikuwa huko Príncipe, asubuhi mvua, mawingu, akapata picha chache tu za maana. Wakapima nyota zilizo karibu na jua lililofunikwa, wakakuta zimesogea, nuru yake imepinda kama ilivyohesabiwa. Hapo jina la Einstein ndo likaenea magazetini dunia nzima.

Jipiesi na Einstein

*Maalim mie nahodha, natoka Nungwi naenda bahari kuu na jipiesi. Kijana wangu ananambia bila ya nadharia ya Einstein jipiesi haifanyi kazi. Nimemwambia mie nnaenda baharini tangu jipiesi haijaja, tulikuwa tunaangalia nyota na milingoti ya minara. Ni kweli au vitabu vinatia chumvi? Nahodha M.*

Nahodha, vyote viwili, kweli na chumvi.

Setilaiti zile zipo juu kiasi cha kilomita 20,200, kila moja ina saa ya atomi, na kifaa chako kinajua ulipo kwa kulinganisha saa zao. Sasa kwa vile zinakwenda mbio, saa zake zinachelewa sehemu 7 za milioni ya sekunde kwa siku, na kwa vile zipo juu mvutano ni mdogo (rudi kwa Bi K.) zinakimbilia mbele sehemu 45 kama hizo. Toa, unabakiwa na 38 kila siku zinawahi. Nuru inakwenda mita 300 katika sehemu moja ya milioni ya sekunde, zidisha mara 38, unapata kama kilomita 11. Yaani masafa zaidi ya kutoka Mji Mkongwe mpaka uwanja wa ndege, kwa siku moja tu. Usingeliona kipwa chako milele.

Chumvi ipo hapa: vitabu vinaandika km 11 kwa siku vikapumzika. Kwenye kifaa chenyewe setilaiti zote zinakosea kwa mwendo mmoja, kwaio sehemu ya makosa inafutana, kosa kwenye ramani yako lisingekuwa hasa hilo. Lakini wahandisi hawakubahatisha. Mwaka 1977 waliporusha setilaiti ya majaribio, kuna waliokuwa bado na shaka kama Einstein ataonekana, wakaiweka swichi ya marekebisho, wakaiacha imezimwa siku 20 hivi waone. Saa ikakimbia karibu sawa sawa na hesabu. Wakawasha. Siku hizi saa zinapunguzwa mwendo kabisa kiwandani kabla ya kurushwa, ili zikifika juu ziwe sawa na zetu.

Na hizo nyota usiziache, betri ya jipiesi haina adabu.

Bangili ya kwantamu

*Maalim, kuna kitabu kinazunguka hapa mjini, kinasema fizikia ya kwantamu imethibitisha kwamba akili ya mtu ndo inayoumba ulimwengu, ukiwaza pesa zinakuja. Na kuna mtu anauza bangili ya kwantamu ya kutibu sukari, elfu sitini. Shangazi yangu anataka. F.A., Mlandege*

Shangazi aendelee na dawa alizopewa na daktari wake na hio elfu sitini anunue mboga na samaki. Hilo tumelimaliza, tuje kwenye kitabu. Kwantamu ni fizikia ya vitu vidogo mno, atomi na vilivyomo ndani yake.

Kosa linaanzia kwenye neno moja, *kuangalia*. Nenda pwani ya mashariki maji yakiwa yanajaa, panda pahala uone mwamba. Mawimbi yanakuja, yanaingia kwenye milango ya mwamba. Pakiwa na milango miwili karibu karibu, ndani yake mawimbi mawili yanakutana, pengine yanapandana maji yanakuwa juu, pengine yanauana maji yanatulia, unapata mistari ya maji makali na maji matulivu. Haya, sasa fanya hivo hivo na elektroni, zile chembe ndogo za umeme, tena moja moja. Wajapani wa kampuni ya Hitachi, kundi la Akira Tonomura, walilifanya 1989 na walipiga filamu. Inakuja elektroni moja, inaacha nukta moja kwenye skrini, tip. Inakuja ya pili, tip. Nukta zinakaa ovyo ovyo kama mchele uliomwagika, hakna mpango wowote, ukae usubiri, zikifika maelfu unaona mistari imejipanga, mistari ya mawimbi, na kila moja ilipita peke yake. Mie nikiiangalia filamu ile nnapata baridi mpaka leo.

Sasa, ukiweka kitu cha kurikodi elektroni imepita mlango gani, mistari inapotea. Ndo hapo mwenye kitabu cha shangazi anaporukia, anasema *umeona, ukiangalia inabadilika, kwaio akili yako ina nguvu.* Hapana bwana. Kuangalia maana yake hapo ni kitu kugusana na elektroni kwa namna inayoacha alama ya njia yake. Kikiacha alama hio mashine iliyosahauliwa ndani ya chumba kilichofungwa, hamna mtu hata paka, mistari inapotea vile vile. Akili ya mtu haikuombwa. Wanafizikia wenyewe wanabishana hasa nini maana ya yote haya, wanabishana tangu miaka ya 1920, hilo ni kweli na ni la kusisimua, lakini hakuna upande wowote katika ubishi huo wenye bangili.

Na dalili nyengine ya haraka: ukikuta kitabu kina neno kwantamu kila ukurasa na hakina hata jaribio moja lililoelezwa hatua kwa hatua, kirudishe ulipokitoa.

Je vinaharibu imani?

*Baba mdogo anasema vitabu hivi vinamtoa mtu kwenye dini. Ukweli upi? Z., Kiwengwa*

Mie mwalimu wa fizikia, fatwa sina, mambo ya dini muulize sheikh wako. Ntakwambia tukio tu. Mwaka 1979 Nobel ya fizikia walipewa watu watatu kwa nadharia moja: Sheldon Glashow, Steven Weinberg na Abdus Salam wa Pakistan. Weinberg alikuwa haamini Mungu na alisema hadharani bila kificho, na ni yeye aliyeandika kitabu cha dakika tatu za mwanzo za ulimwengu, 1977, kitabu kizuri mno. Salam kwenye karamu ya Stockholm alisimama akasoma aya za Surat al-Mulk, zile za *rejesha jicho lako, je unaona kasoro yoyote?* Milinganyo ni ile ile, herufi kwa herufi, na wamefika kila mmoja kwa njia yake. Kituo alichokianzisha Salam kule Trieste, Italia, 1964, mpaka leo kinapokea wanasayansi wa nchi kama zetu. Baba mdogo msalimie.

Nyuzi zimethibitishwa?

*Nimesoma kwamba kila kitu kimeundwa na nyuzi ndogo zinazotetemeka na kuna ulimwengu mwengine mwingi. Hii imeshathibitishwa? O., Mkoani*

Haijathibitishwa. Kitabu cha nyuzi cha Brian Greene cha 1999 kimeandikwa vizuri sana na ndo maana watu wanatoka nacho wakidhani ni habari iliyokwisha. Ukishakisoma soma na cha Lee Smolin cha 2006, anaewalalamikia watu wa nyuzi vibaya mno, halafu ukae katikati yao.

Nakupa na swali la kumuuliza mwandishi yeyote kila sura: *hichi kimepimwa, nani kakipima, lini?* Chembe ya Higgs ilibuniwa kwenye karatasi 1964, ikapatikana CERN, maabara kubwa huko Ulaya, ikatangazwa 4 Julai 2012, miaka 48 watu wanasubiri. Mawimbi ya mvutano Einstein aliyaandika 1916, mtambo wa LIGO huko Marekani ukayanasa Septemba 2015. Picha ya kwanza ya shimo jeusi, Aprili 2019. Nyuzi, nafasi hio ya tarehe bado iko wazi. Sisemi ni uongo, nasema usizilaze kitanda kimoja na vilivyokwisha kupimwa, na waandishi wengi wanazilaza kitanda kimoja na shuka moja mana inauza.

(Walioniuliza vya bure: masomo ya Feynman ya chuo, yote matatu, chuo cha Caltech kimeyaweka kwenye intaneti unasoma bila kulipa, usipakue kwa watu wa ovyo. Na Einstein mwenyewe aliandika kitabu cha watu wa kawaida, 1916, tafsiri ya Kiingereza ya 1920 inapatikana bure halali. Mifano yake mingi ni ya gari la moshi na ukingo wa reli. Sisi gari la moshi tuliwahi kuwa nalo, la Bububu, lilianza 1905, sasa halipo, kwaio kila anapoandika treni wewe weka boti ya Pemba. Inakubali kabisa, Galileo 1632 alitumia chumba cha chini cha merikebu: ukifunga madirisha na bahari shwari huwezi kujua unakwenda au umesimama. Bahari shwari lakini, sio mkondo wa Nungwi wa Julai, pale kila mtu anajua anakwenda na anajua alichokula.)

Tochi kwenye baskeli

*Shikamoo Maalim. Nina miaka 11. Nikiendesha baskeli mbio na nimewasha tochi, mwanga utakwenda mbio zaidi? Baba kasema ndio, dada kasema hapana. N., Chake Chake*

Marahaba mwanangu, dada kashinda, lakini usimcheke baba mana alichosema ndo kila mtu mwenye akili timamu angesema. Ukirusha jiwe mbele ukiwa kwenye baskeli inayokwenda, kasi ya baskeli inaongezeka kwenye jiwe. Nuru haikubali. Inatoka kwa kilomita 300,000 kwa sekunde, na wewe ukiipima na baba aliyesimama dukani akiipima, nyote wawili mtapata namba hio hio moja. Ili hesabu zenu zisigombane, kinachobadilika ni saa na rula. Baskeli yako ni ya polepole mno, huwezi kuona.

Kuna kitabu cha zamani cha George Gamow, cha karani wa benki anaitwa Mr Tompkins, anasinzia kwenye mhadhara anaota yupo mji ambao kasi ya nuru ni ndogo, kama ya baskeli tu. Anamuona mtu wa baskeli anapita kabana, mwembamba kama chapati iliyosimamishwa. Hadithi hizo ni za mwishoni mwa miaka ya 1930, na watoto wanazipenda. Ila, na hapa naona aibu kumharibia mtoto raha lakini ndo kazi yangu, mwaka 1959 wataalamu wawili, Roger Penrose na James Terrell, kila mmoja kwa upande wake, walionesha kwamba mfano wa Gamow nao una pahala unakatika: baskeli inafupika kweli ukiipima, lakini *kwa macho* isingeonekana imebanwa hivo. Nuru ya nyuma ya baskeli na nuru ya mbele hazifiki jichoni kwako pamoja, kwaio ungeona kama imegeuka ubavu kidogo. Mwambie dada akuchoree, halafu niletee mchoro, nitautoa hapa.

Masahihisho

Toleo lililopita, nikijibu swali la nyota, niliandika *nuru ile imetumia muda wa miaka ya nuru minne*. Msomaji wa Konde kaniandikia meseji fupi tu: *Maalim, mwaka wa nuru ni masafa, sio muda.* Nikasema haiwezekani, mhariri kanigeuzia maneno, nikaenda kufungua daftari langu la rasimu. Mwandiko ni wangu. Mwaka wa nuru ni masafa, kilomita trilioni 9.46, na nimelisomesha hilo miaka thelathini.